SOMO LA MARUDIO: UKINZANI WA WAYA NA UCHAGUZI WA WAYA WA SPIKA

Fizikia, Kidato cha Nne. Mada: Umeme wa mkondo

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili utaweza:
(a) kutaja na kueleza mambo manne yanayoathiri ukinzani wa waya;
(b) kutumia kanuni R = ρL/A bila kukosea vizio;
(c) kukokotoa nguvu inayopotea kwenye waya na nguvu inayofika kwenye kifaa;
(d) kutoa uamuzi wenye sababu kuhusu waya unaofaa.

Lengo la nne ndilo linalowashinda wengi. Watahiniwa wengi wanaijua kanuni kwa moyo, lakini swali likianza na maneno "mwanafunzi anataka kuunganisha spika" badala ya "kokotoa R", kalamu inasimama. Mtihani utaufanya kwa Kiingereza, lakini alama R, ρ, L na A hazibadiliki kwa lugha yoyote. Ielewe hoja kwanza kwa lugha unayowazia, kisha ijibu kwa lugha ya mtihani.

1. Tatizo lenyewe

Tuseme unaishi Iyunga, Mbeya. Nyumbani kuna amplifaya sebuleni na spika mbili. Wiki ijayo kuna sherehe ya kipaimara ya mdogo wako, na baba anataka spika moja ikae baraza la nyuma wanakokaa wageni. Ukipima njia ya waya kwa futi kamba, ukifuata ukuta na kupita juu ya mlango, unapata mita 10. Waya uliopo ni ule mwembamba uliokuja na spika. Ukiuunganisha, spika ya nyuma inalia, lakini sauti yake imefifia ukilinganisha na ya sebuleni.

Baba anakuita. "Mwanangu, wewe si unasoma fizikia? Hii fedha hapa. Nenda Mwanjelwa ukanunue waya unaofaa. Ila usiniletee waya wa bei mbaya bila sababu."

"Sawa baba, ngoja kwanza nipige hesabu."

Hilo ndilo jibu sahihi. Ukifika dukani bila hesabu, muuzaji atakuuliza, "Unataka wa ngapi, mdogo wangu? Moja na nusu au mbili na nusu?" Usipojua namba hizo zina maana gani, utanunua kwa kukisia. Ukinunua mwembamba, umepoteza fedha na sauti bado imefifia. Ukinunua mnene kupita kiasi, umepoteza fedha ya mzee kwa tofauti ambayo sikio halitaisikia.

2. Waya ni kipingamizi

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba waya hauna ukinzani. Katika michoro ya saketi tunachora waya kama mstari mtupu, na hiyo inatufanya tusahau. Ukweli ni kwamba kila waya una ukinzani. Waya wa spika na spika yenyewe vimeunganishwa kwa mfuatano, yaani mkondo unaopita kwenye waya ndio huohuo unaopita kwenye spika. Kwa hiyo:

Ukinzani wa jumla = ukinzani wa waya + ukinzani wa spika

Spika nyingi za nyumbani zimeandikwa nyuma 4 Ω, 6 Ω au 8 Ω. Thamani hiyo hubadilika kidogo kulingana na mawimbi ya sauti yanayopita, bezi au sauti nyembamba, lakini kwa kiwango cha kidato cha nne tunaichukua kama ukinzani usiobadilika.

Uhusiano kati ya volteji, mkondo na ukinzani ulichapishwa mwaka 1827 na Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani:

V = IR

Na nguvu ya umeme inayotumika kwenye sehemu yoyote ya saketi ni:

P = I²R

Zingatia: nguvu inayotumika kwenye waya haitoi sauti. Inageuka kuwa joto.

3. Mambo manne yanayoathiri ukinzani wa waya

(i) Urefu (L). Waya ukirefuka, ukinzani unaongezeka kwa uwiano uleule. Mita 20 zina ukinzani mara mbili ya mita 10.

(ii) Eneo la mkato (A). Waya ukiwa mnene, ukinzani unapungua. Ni kama barabara: njia ikiwa pana, magari mengi yanapita kwa urahisi. Eneo likiwa mara mbili, ukinzani unakuwa nusu.

(iii) Aina ya metali. Kila metali ina ukinzani mahususi wake, unaoandikwa kwa herufi ρ na kupimwa kwa Ω m. Thamani za kukaribia, katika nyuzi joto 20 za Selsiasi, ni hizi:

Fedha: 1.6 × 10⁻⁸ Ω m
Shaba: 1.7 × 10⁻⁸ Ω m
Alumini: 2.8 × 10⁻⁸ Ω m
Chuma: 1.0 × 10⁻⁷ Ω m

Fedha inaishinda shaba kwa kiasi kidogo sana, lakini ni ghali mno. Ndiyo maana nyaya nyingi hutengenezwa kwa shaba, ambayo mafundi huiita kopa. Mwanafunzi wa Iyunga hana haja ya kwenda mbali kuijua metali hii. Malori yanayobeba shaba kutoka Zambia na Kongo hupita barabara kuu ya Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, hupita Mbeya.

(iv) Halijoto. Metali ikipata joto, ukinzani wake huongezeka. Kwa shaba ni takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Usiku wa Julai pale Mbeya, baraza likiwa na nyuzi 10 badala ya 20, ukinzani wa waya utapungua kwa takriban asilimia 4. Kwa kazi ya spika tofauti hiyo ni ndogo, lakini katika mtihani usiache kuitaja.

Mambo matatu ya kwanza yanaingia katika kanuni moja:

R = ρL/A

4. Mitego mitatu ya kanuni hii

Mtego wa kwanza: urefu wa kwenda na kurudi. Mkondo hutoka kwenye amplifaya, unafika kwenye spika, kisha unarudi. Waya wa spika una nyuzi mbili ndani ya ganda, mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi. Kwa hiyo spika ikiwa umbali wa mita 10, L ni mita 20. Mtahiniwa anayeandika 10 anapata nusu ya jibu sahihi.

Mtego wa pili: milimita mraba. Namba "moja na nusu" na "mbili na nusu" za dukani ni eneo la mkato katika milimita mraba. Kanuni inataka mita mraba. Kumbuka:

1 mm = 10⁻³ m, hivyo 1 mm² = 10⁻³ × 10⁻³ = 10⁻⁶ m²

Anayeandika 10⁻³ badala ya 10⁻⁶ anapata jibu lililokosewa mara elfu moja.

Mtego wa tatu: kipenyo na nusu kipenyo. Swali likikupa kipenyo d, eneo ni πd²/4. Usiweke d mahali pa r katika πr². Kumbuka pia kwamba kipenyo kikiwa mara mbili, eneo linakuwa mara nne, na ukinzani unakuwa robo, si nusu.

5. Mifano iliyofanyiwa kazi

Mfano wa 1. Spika ya 4 Ω ipo umbali wa mita 10 kutoka kwenye amplifaya. Waya ni wa shaba wenye eneo la mkato la 0.5 mm². Kokotoa ukinzani wa waya.

Suluhisho
L = 2 × 10 = 20 m
A = 0.5 × 10⁻⁶ m²
R = ρL/A = (1.7 × 10⁻⁸ × 20) ÷ (0.5 × 10⁻⁶)
R = 0.68 Ω

Jibu hili linaonekana dogo, lakini lilinganishe na spika: 0.68 ÷ 4 × 100 = asilimia 17. Waya una ukinzani wa karibu moja ya sita ya spika yenyewe.

Mfano wa 2. Ikiwa amplifaya hiyo inatoa volti 12, kokotoa (a) mkondo, (b) nguvu inayofika kwenye spika, (c) nguvu inayopotea kwenye waya.

Suluhisho
(a) Ukinzani wa jumla = 4 + 0.68 = 4.68 Ω
I = V/R = 12 ÷ 4.68 = 2.56 A
(b) P kwenye spika = I²R = (2.564)² × 4 = 26.3 W
(c) P kwenye waya = (2.564)² × 0.68 = 4.5 W

Hakiki: nguvu ya jumla = VI = 12 × 2.564 = 30.8 W, na 26.3 + 4.5 = 30.8 W. Hesabu imekubali. Jizoeze kuhakiki namna hii. Inachukua nusu dakika na inaokoa alama.

Kama waya usingekuwa na ukinzani wowote, spika ingepata 12² ÷ 4 = 36 W. Sasa unaelewa kwa nini spika ya barazani imefifia. Upungufu umetoka sehemu mbili: waya umekula wati zake, na pia umepunguza mkondo wa saketi nzima.

Mfano wa 3. Mafundi wengi hufuata kanuni ya kazi kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ukinzani wa spika. Tafuta eneo dogo kabisa la mkato linalokubalika kwa spika hiyo.

Suluhisho
Ukinzani wa juu unaokubalika = 5/100 × 4 = 0.2 Ω
A = ρL/R = (1.7 × 10⁻⁸ × 20) ÷ 0.2 = 1.7 × 10⁻⁶ m²
A = 1.7 mm²

Dukani hakuna waya wa 1.7. Upo wa 1.5, ambao unapungua kidogo, na wa 2.5, ambao unatosha. Hapo sasa una jibu la kumpa muuzaji.

6. Je, waya mnene zaidi ni bora zaidi?

Angalia hesabu ileile kwa nyaya nne za shaba (V = 12 V, spika 4 Ω, umbali mita 10):

0.5 mm²: ukinzani 0.68 Ω, spika inapata 26.3 W
1.5 mm²: ukinzani 0.23 Ω, spika inapata 32.2 W
2.5 mm²: ukinzani 0.14 Ω; spika inapata 33.7 W
4.0 mm²: ukinzani 0.085 Ω, spika inapata 34.5 W

Kutoka 0.5 hadi 2.5 umepata wati 7.4, ongezeko la takriban asilimia 28. Kutoka 2.5 hadi 4.0 umepata chini ya wati moja, ongezeko la takriban asilimia 2 tu. Kwa kawaida nguvu inatakiwa iongezeke kwa karibu robo ndipo msikilizaji atambue kwamba sauti imekua. Kwa hiyo hatua ya kwanza inasikika, ingawa si kwa kishindo. Hatua ya pili haisikiki. Aliyenunua waya wa 4.0 kwa spika hii amelipia shaba ambayo masikio yake hayawezi kuitambua.

Hata hivyo, usikimbilie kununua. Rudi kwenye kanuni uulize: kati ya ρ, L na A, kipi naweza kubadilisha bila gharama? Jibu ni L. Kwa waya wa 1.5 mm²:

L = RA/ρ = (0.2 × 1.5 × 10⁻⁶) ÷ (1.7 × 10⁻⁸) = 17.6 m

Huo ni urefu wa kwenda na kurudi, sawa na umbali wa mita 8.8. Ukiisogeza amplifaya karibu na baraza kwa mita moja na robo, waya wa 1.5 unatosha, na fedha iliyobaki inarudi kwa mzee. Swali la mtihani linaloanza na "shauri" linatafuta jibu la namna hii.

7. Kopa halisi na kopa ya kupakwa

Baadhi ya nyaya zina rangi ya shaba nje, lakini ndani ni alumini iliyopakwa tabaka jembamba la shaba. Si kosa kuzitumia, mradi ujue unachonunua. Ukinzani mahususi wa alumini ni 2.8 ÷ 1.7 = mara 1.65 ya ule wa shaba. Ili alumini ifanye kazi ya shaba ya 2.5 mm², inahitaji eneo la 2.5 × 1.65 = 4.1 mm². Ukiuziwa waya wa namna hiyo wa 2.5 kwa bei ya kopa, umepunjwa.

Fizikia inakupa njia mbili za kuutambua.

Kwanza, kwarua uzi mmoja kwa wembe. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Alumini iliyopakwa inaonyesha weupe.

Pili, tumia densiti. Densiti ya shaba ni 8.9 g/cm³, ya alumini ni 2.7 g/cm³. Mita moja ya uzi wa 2.5 mm² bila ganda ina ujazo wa 0.025 cm² × 100 cm = 2.5 cm³. Kwa hiyo:

Tungamo la shaba = 8.9 × 2.5 = 22.3 g
Tungamo la alumini = 2.7 × 2.5 = 6.8 g

Tofauti ni kubwa kiasi kwamba hata mkono unaihisi. Hapa mada ya densiti ya kidato cha kwanza imeingia ndani ya mada ya umeme. Watunzi wa mitihani wanapenda kuunganisha mada namna hii.

8. Waya wenye nyuzi nyingi

Waya laini una nyuzi nyingi nyembamba ndani yake. Nyuzi hizo zimeunganishwa sambamba, hivyo maeneo yake yanajumlishwa. Waya wenye nyuzi 24, kila mmoja una kipenyo cha 0.2 mm:

Eneo la uzi mmoja = π × (0.2)² ÷ 4 = 0.0314 mm²
Eneo la jumla = 24 × 0.0314 = 0.75 mm²

Faida ya nyuzi nyingi ni kwamba waya unakunjika bila kukatika. Hasara ni kwamba uzi mmoja ukitoka nje ya skrubu na kugusa upande wa pili, unapata shoti. Tukichukua waya wa Mfano wa 3 (2.5 mm², 0.136 Ω) na shoti ikatokea kwenye spika, mkondo kwa hesabu ni 12 ÷ 0.136 = 88 A, badala ya takriban 3 A. Amplifaya ya nyumbani haiwezi kutoa mkondo huo. Fyuzi itakatika au transista zitaungua. Kwa hiyo zima amplifaya kabla ya kuunganisha, sokota nyuzi vizuri, na hakikisha hakuna uzi uliochomoza.

9. Alama nyekundu na nyeusi

Unganisha nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, kwenye spika zote mbili. Ukigeuza spika moja, itafanya kazi, wala haitaungua. Lakini koni yake itakuwa inarudi nyuma wakati ya mwenzake inasukuma mbele. Mawimbi ya sauti yatakutana yakiwa kinyume na kupunguzana, hasa yale marefu ya bezi. Ukikaa katikati ya spika hizo utasikia muziki mwepesi usio na bezi. Huu ni mfano mzuri wa mwingiliano wa mawimbi. Kabla ya kulaumu waya, angalia hilo kwanza, kwa kuwa marekebisho yake hayagharimu hata shilingi.

10. Maandalizi ya mtihani wa vitendo

Katika maabara unaweza kupewa waya wa konstantani, rula ya mita, ameta, voltimita, betri na swichi, kisha utakiwe kutafuta ukinzani mahususi. Unabadilisha urefu L, unasoma V na I, unakokotoa R = V/I, halafu unachora grafu ya R dhidi ya L.

Data za mfano (kipenyo cha waya 0.40 mm):

L (m): 0.20, 0.40, 0.60, 0.80, 1.00
R (Ω): 0.78, 1.56, 2.34, 3.12, 3.90

Kwa kuwa R = (ρ/A)L, grafu ni mstari mnyoofu unaopita kwenye asili, na mteremko wake ni ρ/A.

Mteremko = (3.90 − 0.78) ÷ (1.00 − 0.20) = 3.9 Ω/m
A = π × (0.40 × 10⁻³)² ÷ 4 = 1.26 × 10⁻⁷ m²
ρ = 3.9 × 1.26 × 10⁻⁷ = 4.9 × 10⁻⁷ Ω m

Kwa nini maabara haitumii shaba? Mita moja ya shaba ya kipenyo hicho ina ukinzani wa takriban 0.14 Ω tu. Volteji yake ingekuwa ndogo mno kusomeka vizuri, na mkondo ungekuwa mkubwa kiasi cha kupasha waya joto na kumaliza betri. Sababu hiyohiyo inayoifanya shaba ifae kwa spika ndiyo inayoifanya isifae kwa jaribio hili.

Tahadhari za kutaja: fungua swichi baada ya kila usomaji ili waya usipate joto, pima kipenyo kwa mikromita sehemu tatu tofauti na uchukue wastani, nyoosha waya bila kuuvuta.

11. Makosa yanayopoteza alama

• Kutumia urefu wa upande mmoja tu.
• Kutogeuza mm² kuwa m².
• Kuandika kizio cha ρ kuwa Ω/m badala ya Ω m.
• Kusema "waya mnene una ukinzani mkubwa".
• Kukokotoa vizuri kisha kutotoa uamuzi. Kama swali limeuliza "waya upi unafaa?", sentensi ya mwisho lazima itaje waya na sababu.

12. Maswali ya kujipima

Jibu yote bila kutazama majibu. Tumia ρ ya shaba = 1.7 × 10⁻⁸ Ω m.

1. Taja mambo manne yanayoathiri ukinzani wa waya.
2. Spika ya 8 Ω ipo mita 6 kutoka kwenye amplifaya. Waya wa shaba una eneo la mkato la 0.75 mm². Je, waya huu unatimiza kanuni ya asilimia 5?
3. Waya wenye ukinzani wa 0.6 Ω umebadilishwa kwa waya wa metali ileile na urefu uleule, lakini wenye kipenyo mara mbili. Tafuta ukinzani mpya.
4. Amplifaya inatoa volti 12 kwa spika ya 4 Ω kupitia waya wenye ukinzani wa 0.8 Ω. Kokotoa mkondo, nguvu ya spika na nguvu inayopotea.
5. Amplifaya imeandikwa "isiunganishwe chini ya 4 Ω". Je, unaweza kuiunganishia spika mbili za 8 Ω kwa sambamba? Na tatu je?
6. Waya umevutwa mpaka urefu wake ukawa mara mbili, ujazo haukubadilika. Ukinzani umebadilika mara ngapi?

Majibu

1. Urefu, eneo la mkato, aina ya metali, halijoto.
2. L = 12 m; R = (1.7 × 10⁻⁸ × 12) ÷ (0.75 × 10⁻⁶) = 0.272 Ω. Hiyo ni asilimia 3.4 ya 8 Ω. Waya unafaa, kwa kuwa haujazidi asilimia 5.
3. Eneo ni mara nne, hivyo R = 0.6 ÷ 4 = 0.15 Ω.
4. I = 12 ÷ 4.8 = 2.5 A, spika: (2.5)² × 4 = 25 W; waya: (2.5)² × 0.8 = 5 W. Hakiki: 12 × 2.5 = 30 W.
5. Mbili: 8 ÷ 2 = 4 Ω, inaruhusiwa. Tatu: 8 ÷ 3 = 2.7 Ω, hairuhusiwi, kwa sababu mkondo utazidi uwezo wa amplifaya.
6. Mara nne. Urefu ni mara mbili na eneo limekuwa nusu, kwa hiyo R = ρ(2L) ÷ (A/2) = 4ρL/A.

Ukipata sita zote, funga kitabu, chukua futi kamba, na upime njia ya waya wa spika nyumbani kwenu. Soma ukinzani ulioandikwa nyuma ya spika, tafuta eneo la mkato linalotakiwa, kisha mweleze mzazi hesabu yako hatua kwa hatua. Ukiweza kumfanya aelewe kwa nini waya wa 1.5 unatosha au hautoshi, swali la ukinzani katika chumba cha mtihani halitakushinda.